Kufuatilia ujumbe kwenye mtandao wa P2P wakati nodi nyingi sio zako

Kwenye seva za kawaida kazi ni nyepesi, mashine zote za kwako, unaweka Prometheus (programu ya kukusanya vipimo) inapita kila baada ya muda inachukua namba zake, unaweka OpenTelemetry (zana za kufuatilia maombi), ombi likiingia linapewa namba ya tresi, yaani ya kufuatilia njia yake, na linatembea nayo mpaka mwisho. Sasa njoo kwenye P2P, ambako kompyuta (nodi) zinapashana ujumbe zenyewe kwa zenyewe bila seva ya katikati, tuseme upande wa makubaliano wa Ethereum, yaani sehemu ya blockchain hiyo ambapo nodi zinakubaliana bloku ipi ni halali, ambao umejengwa juu ya libp2p, maktaba ya mawasiliano ya P2P. Nodi zako ni chache, zilizobaki ni za watu usiowajua, wana programu tofauti na matoleo tofauti, na hakuna atakayekufungulia uchukue vipimo vyake.

Wengi wazo la kwanza ni kubandika namba ya tresi kwenye ujumbe wenyewe. Msifanye hivyo jamani. Nodi za wengine haziitambui, na kubwa zaidi ni kwamba inasaidia kuonyesha ujumbe ulianzia wapi, na kuna watu wanaendesha validator (anayependekeza na kuthibitisha bloku) nyumbani kwao, zamu za kupendekeza bloku zinajulikana kabla, kwa hiyo mtu IP yake ikijulikana anaweza kuzibiwa laini zamu yake ikifika.

Mimi natumia ID ya ujumbe. Kwa Ethereum inatokana na SHA-256 (hashi, yaani alama inayokokotolewa kutoka kwenye data) ya mada, yaani kundi ujumbe ulikotumwa, na yaliyomo, zinachukuliwa baiti 20 za mwanzo, yaani ujumbe uleule ukipokelewa Frankfurt au Johannesburg una ID ileile bila mtu kuongeza kitu. Kwa wanaotumia Go, maktaba ya pubsub (ya kusambaza ujumbe kwa mada) ya libp2p ina tresa yake, yaani kirekodi cha matukio, ukiiwasha inaandika DELIVER_MESSAGE ujumbe ukifika mara ya kwanza na kupita ukaguzi, na DUPLICATE_MESSAGE kwa kila nakala nyingine, pamoja na jirani (nodi uliyounganishwa nayo) aliyeileta na muda kwa nanosekunde. Chukua ID moja uifuate: DELIVER kutoka kwa jirani mmoja, alafu DUPLICATE, DUPLICATE, DUPLICATE kutoka kwa wengine. GossipSub ya Ethereum, itifaki inayosambaza ujumbe kutoka jirani hadi jirani, inalenga majirani 8 kwa kila mada, kwa hiyo nakala lazima ziwepo, ndo zinafanya ujumbe usipotee hata majirani wawili watatu wakizima, ila zikizidi zinakula bandwidth bure, na ndo maana GossipSub 1.2 ikaleta IDONTWANT, nodi ikishaupata ujumbe mkubwa inawaambia majirani wasiulete tena. Pima DUPLICATE ngapi kwa kila DELIVER kabla na baada ya kuiwasha. Kwangu hicho kipimo kina maana kuliko grafu zote za CPU.

Kitu kinachoharibu tresi kuliko vyote ni saa. Slot, yaani muda wa zamu moja ya bloku kwenye Ethereum, ni sekunde 12 na bloku inatakiwa iwe imesambaa mapema kabisa ndani yake, sasa nodi zako mbili zikipishana milisekunde 300 utaona ujumbe umefika kabla haujatumwa. Weka chrony (programu ya kusawazisha saa) kila mashine, na ile tofauti ya saa yenyewe uikusanye kama kipimo, nodi ikipotoka tresi zake unaziweka pembeni.

Prometheus usiipe peer ID (utambulisho wa kila nodi) kama lebo ya kugawa vipimo, peer wanaingia na kutoka kila saa na kila mmoja anazaa mfululizo mpya wa vipimo mpaka memori inajaa. Lebo ziwe mada, aina ya muunganisho (QUIC au TCP), jina la programu, basi. Na nodi iliyo nyuma ya NAT, yaani nyuma ya rauta inayotumia IP moja kwa mashine nyingi hivyo haifikiki moja kwa moja kutoka nje, isisubiri kufuatwa, isukume vipimo yenyewe.

Kuhesabu nodi nako kuna mtego. Ukikroli DHT (orodha ya anwani iliyogawanywa kati ya nodi zenyewe) ya IPFS, mtandao wa P2P wa kushirikiana mafaili, unauliza kila nodi majirani zake mpaka wapya waishe, lakini unaziona zile zinazokubali muunganisho kutoka nje tu. Laptop iliyoungwa kwenye bando la simu hapa Dar, nyuma ya CGNAT (NAT ya kampuni ya simu yenyewe), inatumia mtandao vizuri tu na kwenye hesabu yako haipo, kwa hiyo kwenye dashibodi andika "nodi zinazofikika", usiandike "nodi zote".

IP za watu usizihifadhi zilivyo. Chukua nchi na ASN (namba ya mtandao wa kampuni ya intaneti), halafu IP yenyewe uipitishe kwenye HMAC, yaani hashi inayohitaji ufunguo wa siri, yenye ufunguo unaobadilika kila siku, ufunguo wa jana ufutwe, maana hashi tupu (isiyo na ufunguo) ya IPv4 mtu anajaribu anwani zote bilioni 4 na anaipata.