Relei ya ridi: ndimi ndizo zinazovutana

Relei ya ridi ni swichi inayowashwa kwa sumaku ya koili, yaani waya uliozungushwa mara nyingi kuizunguka. Wengi hudhani koili hiyo ndiyo inayouvuta ulimi wake. Sivyo. Ndani ya kibomba cha kioo kilichozibwa kuna ndimi mbili, vipande vyembamba vya aloi ya nikeli na chuma, ncha zake zikipishana bila kugusana. Mkondo ukipita kwenye koili, ndimi zote mbili hugeuka sumaku, na penye mwanya mmoja huwa kaskazini, mwingine kusini. Zinavutana zenyewe kwa zenyewe. Ndiyo maana ukigeuza waya za koili relei bado hushika, isipokuwa kama ina diodi (kifaa kinachopitisha mkondo upande mmoja tu) au sumaku ya kudumu ndani.

Dhana inayosumbua zaidi ni kwamba pointi, yaani ncha za ndimi zinazogusana, huachia kwenye volti ileile zilizoshikia. Ukweli uko kwenye mwanya. Ndimi zikianza kusogeleana mwanya hupungua, na mvuto hukua haraka kuliko ukaidi wa springi yao; kuanzia hapo hakuna kusitasita, pointi hugongana ghafla. Zikishagusana, sumaku kidogo tu yatosha kuzishikilia. Relei ya volti 5 inaweza kushika kwenye volti 3 na isiachie mpaka zishuke karibu na 1.5. Kwa hiyo mkondo mdogo unaovuja kwenye transista inayowasha na kuzima koili unaweza kuizuia isiachie, nawe ukailaumu relei bure.

Kuongeza volti ili pointi zibane zaidi? Kunasaidia mpaka ndimi zishibe sumaku. Baada ya hapo unapasha koili moto tu. Na joto lina gharama: ukinzani wa waya wa shaba wa koili hupanda takriban asilimia 0.4 kwa kila nyuzi ya Selsiasi, hivyo kutoka nyuzi 20 hadi 70 mkondo wa koili hupungua kwa karibu moja ya sita, na nguvu ya sumaku pamoja nao.

Pointi zilizonasa nazo husingiziwa mabaki ya sumaku. Mara nyingi zimechomeleana kwa mkupuo wa umeme wa kapasita, kifaa kinachohifadhi chaji.

La mwisho, jirani ana athari. Relei zilizobanana ubavu kwa ubavu, koili zikielekea upande mmoja, hudhoofishana, na ya katikati hudai volti zaidi ili ishike. Ipime majirani wakiwa wamewashwa. Ikikataa, zitenganishe, weka kinga ya sumaku, au geuza mwelekeo wa koili kwa kupokezana.