Je, wajua kwa nini "catch up" si kudaka kitu?

Mwezi uliopita rafiki niliyesoma naye sekondari alinitumia ujumbe: "Long time! Let's catch up." Mdogo wangu akachungulia simu, akauliza, "Kaka, catch si kudaka? Sasa anataka mdake nini?"

Swali lake ni zuri, maana jibu limo kwenye asili ya neno lenyewe. Waingereza walilipata kwa Wanormani, waliotoka kaskazini mwa Ufaransa wakaiteka Uingereza mwaka 1066. Kifaransa cha huko kaskazini kilisema "cachier", yaani kuwinda, kukimbiza. Kile cha katikati ya nchi kilitamka "chacier", nacho kikawapa Waingereza "chase". Kwa hiyo "catch" na "chase" ni ndugu wa tumbo moja: mmoja alibaki na mbio, mwingine akachukua windo.

Ukiongeza "up", picha inakuwa ya njiani. Umeinama kufunga kamba za kiatu, wenzako wanakusubiri, unawaambia, "Go ahead, I'll catch up with you." Tangulieni, nitawakuta mbele. Maana nyingine zimezaliwa hapo. Mwanafunzi aliyelazwa wiki mbili anafidia masomo, aliyekesha msibani anafidia usingizi. Hapo Kiingereza husema "catch up on". Shika hilo: mara nyingi "with" ni ya mtu, "on" ni ya jambo. Ila ukisoma "his past caught up with him", usidhani kuna maongezi. Matendo yake ya zamani yamemfikia. Siku za mwizi zimetimia arobaini.

Kwa marafiki, kinachokimbiliwa ni habari. Mwenzako ameoa, amehama, amezika mzazi, nawe hukuwepo. Maisha yake yametangulia, yako pia yametangulia kwake. Mnaketi mkisimuliana mpaka mlingane.

Kinachonivutia ni kwamba Kiswahili hakioni safari hiyo hata kidogo. Sisi tunasema, "Umepotea!" Au, "Umeadimika kama wali wa daku!" Kwetu rafiki hakutangulia, alipotea, na sasa ameonekana. Ndiyo maana ukitafsiri ujumbe ule kuwa "tufikiane", mtu atakutazama tu. Sema "tuonane tupige soga", au kwa mkubwa wako, "nije tujuliane hali". Ile "-ane" ya mwishoni inabeba mzigo wote: mimi nakujulia hali, wewe unanijulia.

Nilimjibu, "Umepotea wewe! Jumamosi nipo." Alikuja alasiri. Kikombe cha kwanza cha chai kilipoa akinisimulia ugonjwa wa mama yake, cha pili kikapoa nikimsimulia wanangu. Adhana ya isha ilitukuta bado tuko mwaka 2019.