Si kweli kwamba vidonge vyote vya madini ya chuma vinatokana na damu ya wanyama

Kuna ujumbe unaozunguka kwenye magrupu kila mara: eti vidonge vya kuongeza damu hutengenezwa kwa damu ya ng'ombe, hivyo asiyetumia chochote cha mnyama asiviguse. Si kweli.

Vingi vina chumvi za chuma zinazotengenezwa kiwandani, kama ferasi salfeti, ferasi fumareti na ferasi glukoneti. Hakuna mnyama hapo. Mkanganyiko una chanzo, maana zipo bidhaa chache zenye chuma cha himu, kinachotoka kwenye damu, na ganda la kapsuli nyingi ni jelatini ya ngozi na mifupa.

Kwa hiyo geuza kopo usome orodha ya viambato. Kama hutumii chochote cha mnyama, ukiona himu, jelatini, laktosi (sukari ya maziwa) au sheleki inayotokana na wadudu, hiyo si yako. Ganda la selulosi, inayotoka kwenye mimea, halina shida. Angalia pia kiasi cha chuma chenyewe: kidonge cha ferasi salfeti cha miligramu 200 kina chuma takriban miligramu 65 tu.

Usianze dozi kubwa kabla ya kupima damu, ikiwemo feritini (kipimo cha akiba ya chuma mwilini), kwa sababu chuma kikizidi kinadhuru. Vidonge vikae mbali kabisa na watoto, vinaweza kuua. Chai na kahawa hupunguza ufyonzwaji, basi usivinywe karibu na muda wa kumeza vidonge.

Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze. Kuna mtu mwenye upungufu wa damu anayeweza kuacha dawa kwa sababu yake.