Uhandisi mwaka wa kwanza: yanayosemwa Kigoma na Tabora, na yanayokukuta chuoni

Kati ya Julai, matokeo ya kidato cha sita yanapotoka, na Oktoba au Novemba vyuo vinapofunguliwa, kijana wa PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) anayesubiri nyumbani Ujiji, Urambo au Nzega husikia mengi kuhusu uhandisi. Mengi husemwa na watu wanaomtakia mema, na baadhi yake ndiyo yanayomletea sapu ya kwanza, yaani mtihani wa kurudia kozi aliyoanguka.

"Mwenye Divisheni One, mwaka wa kwanza kwake ni marudio"

Kwa wiki tatu ni kweli, na hapo ndipo mtego ulipo. Mhadhiri anaandika ubaoni kalkulasi uliyoifanya kidato cha tano, unajisemea haya nayajua, unaanza kuruka vipindi. Ukirudi wiki ya tano unakuta watu wako mbali. Mada iliyokula muhula mzima sekondari, chuoni hupita kwa wiki mbili, na hakuna wa kukukagua daftari.

Piga hesabu mwenyewe. Krediti 1 ni saa 10 za kazi, vipindi na kujisomea vikiwa pamoja. Mwaka una krediti 120, muhula mmoja 60, yaani saa 600. Ukizigawa kwa wiki 15 unapata saa 40 kila wiki. Kozi ya krediti 12 peke yake inadai saa 8 kwa wiki. Ukihudhuria vipindi vya saa 4 ukaishia hapo, kila wiki unabaki na deni la saa 4. Baada ya wiki sita deni ni saa 24, na hakuna msuli wa usiku mmoja unaolilipa.

"Test one ni ya kuonja tu"

Vyuo vingi hugawa alama 40 kwa kazi za muhula na 60 kwa mtihani wa mwisho. Aliyevuna 15 kati ya 40, akitaka jumla ya 60, lazima apate 45 kati ya 60, yaani asilimia 75 ya mtihani ulio mgumu kuliko test zote. Mwenzake mwenye 28 anahitaji 32 tu. Wote wawili wanaingia chumba kimoja cha mtihani, lakini mmoja ameshabanwa tangu Desemba.

Ndugu yake uongo huu ni ule wa kwamba mwaka wa kwanza hauhesabiwi. GPA, yaani wastani wa pointi za alama zako, hupimwa kwa krediti: C (pointi 2) kwenye kozi ya krediti 12 na A (pointi 5) kwenye kozi ya krediti 6 zinakupa (24 + 30) ÷ 18, yaani 3.0. Ile A imemezwa na C. Kwa hiyo wiki ya kwanza angalia kozi zipi zina krediti nyingi, uzipe saa zako za asubuhi.

"Kusanya mitihani iliyopita, ukariri majibu"

Mitihani iliyopita inafaa kwa kujipima, lakini haikufundishi njia. Swali la mekanika hubadilishwa kitu kimoja tu, aliyekariri akabaki anatazama karatasi.

Chukua boriti ya mita 4 iliyoegemea ncha zake mbili, na mzigo wa niutoni 600 ulio mita 1 kutoka ncha ya kushoto. Uzito wa boriti yenyewe tuuache. Kabla ya namba yoyote, ichore boriti peke yake, bila ukuta wala nguzo, kisha chora kila nguvu inayoigusa: 600 kwenda chini, na nguvu mbili za egemeo kwenda juu. Chukua momenti (nguvu mara umbali) kwenye ncha ya kushoto: 600 × 1 = R × 4, hivyo R, nguvu ya egemeo la kulia, ni 150 na ya kushoto ni 450. Hakiki: upande ulio karibu na mzigo ndio ubebe zaidi. Ukipata kinyume, umepima umbali kutoka ncha isiyo yake.

Kosa linalorudi kila mwaka ni kuchora nguvu ambayo boriti inaukandamiza ukuta nayo, badala ya ile ambayo ukuta unaibeba nayo boriti. Mshale ukigeuka hapo, hesabu yote ya chini ni safi na jibu ni bovu.

Lingine ni la kikokotoo. Bonyeza sin 30. Ukipata 0.5, kiko kwenye digrii, ukipata −0.988, kiko kwenye radiani. Tazama herufi ndogo juu ya kioo kila unapokaa kwenye mtihani, hasa kama uliazimwa.

"Drooing ni sanaa, wenye kipaji ndio wanaoiweza"

Hapana. Drooing, yaani michoro ya kiufundi, ni usafi na sheria. Mistari ya kujengea tumia penseli 2H kwa mkono mwepesi, ya mwisho HB. Futa rula T kwa kitambaa kabla ya kuanza, chora kutoka juu kwenda chini, na weka karatasi safi chini ya kiganja, maana joto la Dar litakutoa jasho ambalo Tabora hukulizoea. Projeksheni ya pembe ya kwanza huweka picha ya kitu kikitazamwa kutoka juu chini ya ile ya kikitazamwa kutoka mbele. Ya pembe ya tatu huiweka juu yake. Ukizichanganya kwenye karatasi moja, fundi atatengeneza kitu kilichogeuka.

Anayedhani mchoro ni urembo aitazame meli ya MV Liemba. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande, ikasafirishwa kwenye makasha, ikaungwa upya Kigoma na kushushwa ziwani 1915. Bila michoro inayosema kipande kipi kinakaa wapi, makasha yale yangekuwa vyuma chakavu.

Karatasi moja ya drooing hula saa tatu hadi nne. Usiianze usiku wa kuamkia kuikabidhi.

"Bila laptop ya milioni mbili hutoboi"

Mwaka wa kwanza, mashine iliyotumika yenye RAM ya GB 8 na diski ya SSD inatosha kwa programu za kuchorea na za kuandika kodi za kompyuta. Hela inayobaki nunua kikokotoo kizuri na seti kamili ya vifaa vya drooing.

"Boom itakukuta mlangoni"

Boom ndiyo fedha za kujikimu za mkopo wa wanafunzi. Hutoka kwa awamu, na ya kwanza husubiri usajili ukamilike na majina yahakikiwe. Beba chakula na nauli za wiki nne. Dagaa wakavu na mawese husafiri vizuri kwa treni, ila ulizia kwanza jiko, maana mabweni mengi yamekataza kupika chumbani.