Utafiti wa kiangazi maabarani: maana yake nini?

Mwanafunzi wa baiolojia wa Marekani akikwambia amepata nafasi ya utafiti wa kiangazi, ana maana kwamba chuo kikifunga, kati ya Juni na Agosti, atakaa wiki kumi hivi kwenye maabara ya mtafiti, apewe swali lake na alipwe posho. Si masomo ya ziada. Si kibarua cha kuosha chupa pia, ingawa chupa zitaoshwa.

Kinachoitenga na vipindi vya vitendo darasani ni jibu. Darasani jibu liko kwenye mwongozo wa mwalimu, usipolipata, umekosea. Huku hata mwenye maabara halijui.

Tuseme kazi yako ni kuzidisha kipande cha DNA kwa PCR, mbinu ya kukinakili mara nyingi mno. Pembeni ya sampuli unaweka kichupa cha ulinganisho: kina kila kitu, ila badala ya DNA umetia maji. Unapitisha zote kwenye jeli, ambamo DNA huonekana kama mstari, unaimulika kwa taa ya urujuanimno, na lo! kichupa cha maji nacho kimetoa mstari. DNA imepenya mahali fulani: kwenye pipeti (kifaa cha kupimia vimiminika), kwenye maji, kwenye kimeng'enya. Siku tatu zinaisha ukibadilisha kimiminika kimoja kimoja mpaka umjue mchawi. Darasani hizo ni alama zilizopotea. Hapa ndiyo kazi yenyewe, na kila jaribio linaandikwa daftarini na tarehe yake, lililofaulu na lililokwama.

Nafasi zinazojulikana zaidi ni za REU (Research Experiences for Undergraduates), yaani utafiti kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza, zinazofadhiliwa na Shirika la Taifa la Sayansi la Marekani, NSF. Kituo kimoja huchukua wanafunzi kama kumi, na mara nyingi posho huja pamoja na malazi. Ila fedha hizo za NSF ni za raia wa Marekani na wenye ukaazi wa kudumu tu, jambo ambalo wageni wengi hulijua wakiwa wameshaandika insha nzima ya maombi. Mgeni atazame kwingine, kwa mfano Vienna BioCenter, kituo cha utafiti wa baiolojia nchini Austria, ambako shule yao ya kiangazi hupokea maombi kutoka nchi yoyote. Milango mingi hufungwa kati ya Januari na Machi, kwa hiyo barua za mapendekezo huombwa mapema, baridi ikiwa bado kali.

Watu hubabaikia jina la profesa. Mimi ningeuliza kwanza nani atakaa meza ya jirani, maana profesa huenda ukamwona kwenye kikao cha wiki tu. Atakayekuonyesha namna ya kushika pipeti ni mwanafunzi wa uzamivu, na kiangazi chako kitakwenda kwa kadiri ya subira yake.

Wiki ya mwisho unasimama kando ya bango lako la matokeo na kumweleza kila apitaye ulichopata, au kilichokataa. Bango unaondoka nalo. Daftari linabaki maabarani, kwa atakayeendelea pale ulipoishia.