Si kila nyama ya Idi ni udhhiya

Kila Idul-Adhha ikikaribia, kuanzia Kisenyi jijini Kampala hadi Arua, neno udhhiya hubandikwa kwenye kila kilo ya nyama inayogawiwa. Mheshimiwa analeta fahali wawili mtaani usiku wa kuamkia Idi, wanachinjwa kabla ya alfajiri ili nyama iwahi sufuria za pilau, kisha kipaza sauti kinatangaza kwamba mheshimiwa ametoa udhhiya. Hapana, jamani.

Udhhiya ni ngamia, ng'ombe, mbuzi au kondoo anayechinjwa kwa nia ya ibada, kuanzia baada ya swala ya Idi tarehe 10 Dhulhija. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu Uganda tunayafuata, ni sunna iliyotiliwa mkazo, na muda wake huisha jua la tarehe 13 likizama. Si lazima uwe Makka. Anachochinja hujaji kwa ajili ya hija yake kina hukumu zake.

Linaloniuma ni huo wakati. Sahaba Abu Burda bin Niyar alichinja kondoo wake kabla ya swala. Alijua ni siku ya kula na kunywa, akatamani wake awe wa kwanza kuchinjwa nyumbani kwake; akala, akalisha familia na majirani. Nani atasema hakufanya wema? Hata hivyo Mtume (s.a.w.) alimwambia kwamba kondoo wake ni kondoo wa nyama tu. Akamruhusu achinje badala yake mbuzi mchanga aliyekuwa naye, akamwambia kwamba huyo hatamtosheleza mwingine yeyote baada yake. Hadithi hii imo katika Sahihi ya Bukhari, na maimamu wetu wanaijua vizuri. Wema wa Abu Burda haukuiziba nafasi ya wakati, basi fahali wa saa kumi usiku ataizibaje? Mashafi wameweka kipimo: jua lichomoze, kisha upite muda wa kutosha rakaa mbili na hotuba mbili fupi.

Kuna na hesabu ya mafungu. Ng'ombe mmoja ni wa watu saba. Vijana kumi wa stegi ya boda wakichanga ng'ombe mmoja, kila mmoja akinuia udhhiya yake, haitimii. Saba wabaki na ng'ombe, watatu watafute mbuzi, kila mtu wake. Kuku hayumo kabisa.

Nyama ya mheshimiwa tuipokee kwa shukrani. Maadamu imechinjwa kisheria ni halali, na kulisha masikini siku ya Idi ni jambo kubwa. Imamu akiitangaza, aseme ni sadaka. Na kama mheshimiwa anataka iwe udhhiya yake, amwombe mchinjaji asubiri watu watoke kuswali kwenye misikiti ya Kibuli au Old Kampala. Pilau italiwa mchana.