Maji moto juu, kichwa-kikubwa chini

Weka tone la asali na kichwa cha dagaa kwenye kikaratasi nyuma ya nyumba, iwe Bamburi, Kisauni au Mikindani, kisha ukae utazame. Watakuja sisimizi weusi wa miguu mirefu, mbio zao hazina mstari. Watakuja na wale wadogo mno wenye kichwa cheusi na tumbo jeupe. Ukimponda mmoja, ananuka nazi iliyooza. Hao ni kero ya jikoni tu.

Sisimizi aitwaye maji moto ni habari nyingine. Kila aliyekwea mwembe hapa Pwani anamjua kwa meno yake. Kitaalamu anaitwa Oecophylla longinoda, na kiota chake ni majani mabichi yaliyoshonwa. Vibarua hujipanga wakavuta kingo za majani mpaka zikutane. Wenzao hubeba mabuu mdomoni wakiyapitisha upande huu na huu, maana hariri ya kushonea hutoka kwa mabuu, si kwa wakubwa.

Mwenye mnazi ana sababu ya kumvumilia. Kunguni wa minazi, Pseudotheraptus wayi, hufyonza vidaka mpaka vikapukutika hata dafu usilione. Mnazi uliojaa maji moto, kunguni huyo haustarehei.

Hasimu wa maji moto ni kichwa-kikubwa, Pheidole megacephala, mdogo wa rangi ya kahawia. Kibarua wake ana milimita 2 hivi, ila askari wake kichwa kimemzidi mwili. Hukaa ardhini, malkia wengi kundi moja, na huwafukuza maji moto mnazini. Msimdharau: utafiti wa Laikipia uliochapishwa 2024 ulionyesha kuwa aliwaua sisimizi wanaoilinda migunga dhidi ya tembo, tembo wakaivunja miti, na simba wakakosa maficho ya kuvizia punda milia.

Hapa ndipo tunapokosana na wenye nyumba. Uwanja uliofagiwa ukabaki mchanga mtupu unapendeza, lakini tafiti za minazini Tanzania zilionyesha kuwa nyasi na magugu yakiachwa yamee chini, kichwa-kikubwa hutulia hukohuko chini na maji moto hushika juu. Basi acheni nyasi kidogo kuzunguka shina, mfunge na kamba mti kwa mti, maji moto wapate njia. Kupulizia dawa mti mzima ni kumfukuza mlinzi pamoja na mwizi.

Mkwezi atalalamika, na ana haki. Apake jivu la kuni mikononi na miguuni kabla hajapanda.